Simu Hii ni ya Nani?

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Mwenye kijitabu hiki mkononi afuate kwa kidole pole pole, na asiyeweza kufuata upesi asione haya. Maneno yote ninayoyasema yamepigwa chapa humu, naye ataweza kuyarudia nyumbani.

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za kitu ambacho wengi wenu mnacho sasa hivi mfukoni, mkobani au katika pindo la khanga, yaani simu.

Mwezi uliopita nilitembelea darasa moja la kisomo lililo karibu na pwani. Mama mmoja, muuza samaki wa kukaanga, alikuwa amenunua simu janja kwa mkopo. Alitoa kianzio, kisha akawa analipa kidogo kidogo kila siku. Ikaja wiki ya upepo mkali, mashua hazikutoka, samaki hakuna, na fedha hakuna. Siku tatu hakulipa. Siku ya nne alipoiwasha simu yake alikuta kioo kimefungwa, na maandishi juu yake yakimwambia alipe. Hakuweza kumpigia mteja wala kutazama namba za watu wake. Hakuja mtu mlangoni kumnyang'anya kitu. Simu ilikuwa mkononi mwake ile ile, ina chaji, ina laini, lakini haimtii.

Akaniuliza, "Mwanangu, kitu hiki kimo mkononi mwangu. Basi huyo anayekifunga ni nani, naye yuko wapi?"

Siku ile nilimjibu nusu nusu, maana sikuwa tayari. Nusu iliyobaki ndiyo somo la leo.

Swali la mama huyu si jipya. Liliulizwa mbele ya mahakimu kabla simu janja hazijatengenezwa, tena kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ili tulielewe inatupasa kwenda Marekani, kwa sababu huko ndiko Alexander Graham Bell alikopata hataza ya simu mwaka 1876, na huko ndiko kampuni iliyotokana na kazi yake, AT&T, ilipokuwa kubwa kupita zote za simu.

Kwa miaka mingi Mmarekani wa kawaida hakununua simu. Aliikodi. Waya uliokuja nyumbani ulikuwa wa kampuni, na simu iliyokaa mezani ilikuwa ya kampuni. Yeye alikuwa kama mpangaji katika nyumba ya watu, naye mpangaji hatoboi ukuta asipomwuliza mwenye nyumba. Katika kanuni za kampuni iliandikwa kwamba ni marufuku kuunganisha na simu kitu chochote ambacho kampuni yenyewe haikukileta.

Sasa sikilizeni habari ya kikombe.

Palikuwa na mtu jina lake Harry Tuttle. Yeye aliongoza kampuni ndogo iliyouza chombo kilichoitwa Hush-A-Phone. Chombo hicho kilikuwa mfano wa kikombe, kikitiwa kwenye mdomo wa simu, pale mtu anaposemea. Hakikuwa na umeme wala waya. Kazi yake ilikuwa kuizuia sauti isitawanyike, ili mtu aliye katika ofisi yenye meza nyingi aseme siri zake na jirani asisikie. Basi kilikuwa kikombe tu! Lakini kampuni ya simu ilisema kikombe hicho kimevunja kanuni, na wateja waliokitumia wakaonywa kwamba huenda wakakatiwa simu.

Mwaka 1948 Tuttle alipeleka mashtaka mbele ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani. Tume ilisikiliza, ikangoja, ikafikiri, na mwaka 1955 ikaamua kwamba kampuni ya simu ndiyo yenye haki, kwa kuwa kikombe kinaifanya sauti ifike imefifia, na hivyo kinadhuru huduma. Tuttle hakukubali. Alikwenda Mahakama ya Rufani katika mji wa Washington, na mwaka 1956 mahakama ikaitengua hukumu ya Tume. Mahakimu walisema jambo ambalo hata mtoto angelifahamu. Mtu akikinga mdomo kwa kiganja chake ili asisikiwe, hakuna anayemkataza. Basi akitumia kikombe kufanya lile lile, na mkono wake ukabaki huru kuandika, kosa liko wapi? Wakasema kwamba mteja ana haki ya kuitumia simu kwa namna inayomfaa yeye mwenyewe, mradi asiwadhuru wengine.

Mimi kila nikiisoma kesi hii hucheka kidogo, halafu huacha kucheka. Miaka minane kwa ajili ya kikombe! Lakini kama Tuttle angechoka mwaka wa saba, sijui mengine yangetokeaje.

(Mwalimu wa darasa asimame hapa. Aandike ubaoni: MRADI ASIWADHURU WENGINE. Wanafunzi wayasome maneno hayo pamoja, kisha mmoja mmoja.)

Tuendelee. Mtu wa pili ni Thomas Carter wa Texas. Texas ni nchi ya visima vya mafuta na mashamba makubwa ya ng'ombe, na mtu aliye kazini huko aweza kuwa mbali sana na simu ya waya. Watu hao walikuwa na redio za kupokezana, zile ambazo mmoja husema na mwingine hungoja zamu yake. Lakini redio haikuweza kusema na simu. Mke aliye mjini hakuweza kumpata mumewe aliye kisimani.

Carter akatengeneza chombo akakiita Carterfone. Werevu wake ulikuwa hivi. Chombo kilikaa ofisini, kando ya redio. Simu ikiita, mwenye ofisi aliupokea mkono wa simu, kisha akaulaza juu ya chombo, kama mtu anavyomlaza mtoto kitandani. Chini ya sikio la simu chombo kilikuwa na kitu cha kusikia, na chini ya mdomo wa simu kilikuwa na kitu cha kusema. Aliye mjini akisema, chombo kilisikia na redio ikarusha sauti yake mpaka porini. Aliye porini akijibu, chombo kilitoa sauti yake mbele ya mdomo wa simu. Hapana waya uliogusana na waya. Sauti ilivuka kwa hewa tu, kama inavyovuka kati yako na jirani yako.

Alianza kuviuza mwaka 1959, na hata kufika 1966 vyombo vyapata 3,500 vilikuwa vimeuzwa. Kampuni ya simu ikawaambia wateja kwamba chombo hicho ni marufuku, na atakayekitumia ataadhibiwa kwa mujibu wa kanuni. Mwaka 1965 Carter aliishtaki. Mahakama ikalipeleka jambo kwa Tume ile ile iliyomshinda Tuttle, na mwezi Juni mwaka 1968 Tume ikatoa uamuzi.

Nataka muitie alama hoja ya kampuni, maana itarudi tena kabla somo halijaisha. Kampuni ilisema: sisi ndio wenye dhamana ya mtandao wote, tukiwaachia watu waunganishe kila kitu wapendacho, mtandao utaharibika na wote wataumia, kwa hiyo ni lazima sisi peke yetu tuamue kitakachounganishwa. Ndugu zangu, hoja hiyo si ya kijinga. Mtandao ni mali ya wengi, na mtu mmoja mzembe aweza kuuharibu kweli. Tume haikuidharau. Ilisema kampuni inaweza kujilinda na chombo chenye madhara, lakini haiwezi kupiga marufuku vyombo vyote pamoja, chenye madhara na kisicho na madhara, kwa sababu tu si vyake. Tena ikasema kwamba kanuni ile haikuwa halali tangu hapo.

Tangu siku hiyo watu walianza kuunganisha na waya wa simu vitu vyao wenyewe: mashine za kupokea ujumbe mwenyewe asipokuwapo, mashine za faksi, na vile vyombo vya modemu vinavyoiwezesha kompyuta kusema na kompyuta kwa njia ya simu. Kwa mlango huo intaneti iliingia katika nyumba za watu wa kawaida. Na ile familia kubwa ya makampuni ya AT&T iligawanywa mwezi Januari mwaka 1984.

Habari za simu ya mkononi nitazipita haraka. Mwaka 1973 Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani katika mji wa New York akapiga simu ya kwanza ya kushikwa mkononi. Simu hizo zilipungua uzito na bei mwaka hata mwaka, mpaka zikafika kwetu.

Lakini mwaka 2007 lilitokea jambo lililobadili swali letu. Mwezi Juni kampuni ya Apple ilianza kuuza simu yake, iPhone, huko Marekani. Simu hii ilikuwa kompyuta ndogo yenye uwezo wa kupiga simu. Mnunuzi alitoa fedha taslimu, akapewa risiti, akatoka nayo dukani. Hakuwa mpangaji tena. Hata hivyo aliikuta na makufuli mawili. La kwanza lilikuwa la mtandao: simu ilikubali laini ya kampuni moja tu, AT&T, jina lile lile la zamani. La pili lilikuwa la programu: mwenye simu hakuweza kuweka ndani yake programu ila zile zilizowekwa na Apple. Mwezi Julai mwaka 2008 Apple ilifungua duka lake la programu, na mlango ukapanuka sana. Lakini mlinzi wa mlango akawa Apple peke yake. Nyumba umeinunua, lakini ufunguo uko kwa fundi aliyeijenga.

Haikupita miezi miwili tangu simu ile kuuzwa, kijana wa miaka 17 wa jimbo la New Jersey, George Hotz, akalifungua kufuli la mtandao. Alitumia muda wa likizo yake, akaifungua simu kwa bisibisi na kwa chuma cha kulehemu, akaifanya ipokee laini nyingine. Mfanyabiashara mmoja wa simu akampa motokaa na simu tatu ili apate ile moja iliyofunguliwa. Wengine wakalishughulikia kufuli la programu. Kazi hiyo waliiita kuvunja gereza, nami naona jina hilo lilionyesha wazi jinsi walivyoyaona makufuli. Mwezi Septemba mwaka ule Apple ilituma programu mpya, na baadhi ya simu zilizokuwa zimefunguliwa zikafa kabisa mikononi mwa wenyewe.

Na sheria ilisemaje? Marekani ilikuwa imetunga sheria ya hakimiliki mwaka 1998, kwa nia ya kuwazuia watu wasiibe filamu na nyimbo. Sheria hiyo ilikataza kuvunja kufuli la kidijitali, hata kama kufuli hilo liko katika kitu chako. Kila baada ya miaka mitatu Mkuu wa Maktaba ya Bunge hupewa madaraka ya kutoa ruhusa kwa mambo fulani. Ajabu, sivyo? Mkuu wa maktaba ndiye anayeamua mtu afanye nini na simu yake! Mwezi Julai mwaka 2010 aliruhusu kuvunja kufuli la programu katika simu. Lakini mwaka 2012 aliondoa ruhusa ya zamani ya kufungua kufuli la mtandao, na kuanzia mwisho wa Januari 2013 aliyenunua simu mpya akaifungua bila idhini ya kampuni alikuwa na hatari ya kushtakiwa.

Wananchi wakaandika barua ya malalamiko kwa serikali yao. Watu zaidi ya 114,000 walitia sahihi. Ikulu ikajibu kwamba wananchi wana haki, Bunge likatunga sheria, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akaitia sahihi. Ruhusa ikarudi.

Je, makampuni yalikuwa na hoja? Yalikuwa nayo, na ni ile niliyowaambia muitie alama. Safari hii hayakusema, "Utauharibu mtandao wetu," bali yalisema hasa, "Utajiharibia mwenyewe, wezi wataingia." Na haki ya kusema kweli inanilazimu kuwaambia kwamba wezi wanaweza kuingia. Mwezi Novemba mwaka 2009, huko Australia, programu haribifu ilienea katika simu za iPhone zilizovunjwa kufuli. Wenyewe walikuwa wameweka programu ya kuingilia simu kutoka mbali, wakasahau kubadili neno la siri lililokuja nayo, ambalo kila mtu alilijua. Asubuhi walikuta picha ya mwimbaji Rick Astley kwenye vioo vyao. Huo ulikuwa mzaha. Waliofuata nyuma hawakuja kwa mzaha. Anayechukua ufunguo wa nyumba yake huchukua na kazi ya kufunga mlango usiku.

Watu wengine walishika njia tofauti. Mwaka 2008 ilitoka simu ya kwanza ya Android, mfumo unaosimamiwa na Google. Maandishi ambayo mafundi huyatumia kutengeneza mfumo huo yalitolewa wazi, kama mpishi anayewapa watu maelezo yote ya pilau yake: atakaye apike, na atakaye aongeze hiliki. Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik alipika yake, akaiita CyanogenMod, akaigawa bure. Google ikamwandikia barua kwamba ndani ya chungu chake mna viungo vyake Google, visivyo vya kugawa. Kondik akavitoa, kazi ikaendelea. Jina hilo lilikoma mwishoni mwa mwaka 2016, lakini kazi yenyewe inaendelea kwa jina la LineageOS, nayo imezipa uhai simu nyingi za zamani ambazo watengenezaji wake waliacha kuzitunza.

Hapo ndipo historia hii inapofika mtaani kwetu. Fundi simu mnayemwona chini ya mwavuli, mwenye kompyuta kuukuu na nyaya nyingi, anaposema "nita-flash simu yako", maana yake ni kwamba atauondoa mfumo uliomo na kuweka mwingine. Wengine ni mafundi hodari kweli. Lakini mwulizeni kwanza anaweka nini na amekitoa wapi. Tena mjue kwamba programu nyingine, hasa za benki, hukataa kufanya kazi katika simu iliyobadilishwa.

Kuna jambo la betri pia. Mwezi Desemba mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Ilieleza kwamba nia ilikuwa simu isizimike ghafula. Huenda ni kweli. Lakini wenye simu hawakuambiwa, na wengi walidhani simu imezeeka, wakanunua mpya, kumbe ingetosha kubadili betri. Mwaka 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja.

Tangu hapo nchi za Umoja wa Ulaya zimetunga sheria nyingi. Tangu Machi 2024 Apple imelazimika kuwaruhusu watu wa nchi hizo kupata programu kutoka maduka mengine. Tangu Juni 2025 watengenezaji wa simu mpya zinazouzwa huko wanapaswa kuuza vipuri kwa miaka saba baada ya aina ile ya simu kuacha kuuzwa. Sheria hizo si zetu. Lakini viwanda ni vile vile, na yanayoamuliwa huko mara nyingine hutufikia: Ulaya ilipoamuru simu zote zitumie tundu la chaja la aina moja, Apple ilibadili tundu lake mwaka 2023 kwa dunia nzima, na leo watu wa nyumba moja huweza kuazimana chaja.

Sasa turudi kwa mama yetu muuza samaki.

Kufuli lake ni la namna nyingine. Si la mtengenezaji wala la mtandao, ni la mdai. Nilimwomba alete mkataba wake darasani. Ulikuwa kurasa mbili, maandishi madogo, na chini yake alama ya dole gumba, kwa maana siku ile alipoutia dole alikuwa hajajua kusoma. Tuliusoma pamoja darasa zima, neno kwa neno, na ilituchukua saa nzima. Kifungu cha nne kilisema kwamba simu ni mali ya mkopeshaji mpaka malipo ya mwisho. Kumbe alikuwa mpangaji, kama wale Wamarekani wa zamani, naye hakuambiwa. Lakini tulitafuta mahali palipoandikwa kwamba kufuli litaondolewa lini baada ya malipo ya mwisho, na ni nani atakayeliondoa. Hatukupaona.

Deni lake alilipa siku ya tano, simu ikafunguka. Halafu akaketi akaandika barua kwa duka lile, ya kwanza maishani mwake, kuuliza jambo hilo moja. Ilikuwa na mistari sita. Mimi nilisahihisha herufi mbili tu. Nilipokuwa nikitayarisha somo hili jibu lilikuwa bado halijafika.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwenye simu janja aingie mahali pa mipangilio, atafute ruhusa za programu, na aandike katika daftari majina ya programu zilizoruhusiwa kusikiliza sauti yake na kujua mahali alipo. Asiye na simu ashirikiane na jirani. Na aliyenunua kwa mkopo aje na mkataba wake, darasa litausoma.